Isome Sheria ya Hempu na Bangi Tiba Kabla Haijakusomea Mashtaka

Hakuna nchi iliyowahi "kuruhusu bangi" hivihivi. Kila iliyofungua imefungua sehemu fulani ya mmea, kwa shughuli fulani, kwa kiwango fulani, kwa watu fulani, kuanzia tarehe fulani. Kazi yangu ni kuwasomea wakulima, waagizaji na mara mojamoja wagonjwa sheria za zao hili. Karibu kila anayenifuata huja na kichwa cha habari kwenye simu, na mimi humwomba kwanza anitafutie sheria yenyewe. Ofisa wa forodha hatakuuliza ulisoma gazeti gani.

Ukiwa na muda, anzia juu, kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, maana sheria nyingi za nchi zimenakili lugha yake. Mkataba huo unaposema bangi unamaanisha ncha zenye maua au matunda. Mbegu na majani yaliyotengwa na ncha hizo hayamo. Ibara ya 28 inasema pia kwamba mkataba haugusi mmea unaolimwa kwa ajili ya viwanda tu, yaani nyuzi na mbegu. Hapo ndipo hempu, yaani aina ya bangi yenye kilevi kidogo sana inayolimwa kwa nyuzi na mbegu, inapopumulia. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, ikaiondoa bangi kwenye Jedwali la IV la mkataba huo, orodha ya dawa zinazohesabiwa hatari zaidi, lakini ikabaki Jedwali la I pamoja na dawa nyingine zinazodhibitiwa vikali. Siku ile watu walishangilia kana kwamba magereza yamefunguliwa. Hakuna sheria ya nchi hata moja iliyobadilika kwa kura ile peke yake.

Sasa shuka kwenye nchi yako, au nchi unayotaka kuuzia. Unahitaji sheria iliyopitishwa na bunge, kanuni za waziri zilizo chini yake, na majedwali ya dawa zinazodhibitiwa. Mara nyingi hivi vimekaa kwenye wizara tofauti: kilimo wana cha kwao, afya wana cha kwao, polisi nao wanasoma sheria ya zamani ambayo hakuna aliyeifuta. Sheria ya kilimo ikikupa leseni huku jedwali la dawa za kulevya bado linautaja mmea mzima bila kuacha kitu, usipande. Tafuta kwanza kifungu kinachosema sheria ipi inaishinda nyingine.

Tazama pia tarehe ya kuanza kutumika. Sheria inaweza kusainiwa leo na isianze mpaka waziri atangaze kwenye gazeti la serikali, na waziri asitangaze. Inaweza kusema leseni zitatolewa "kwa namna itakayoelezwa kwenye kanuni", na kanuni zisiandikwe kwa miaka. Anayekuuzia mbegu katika kipindi hicho anakuuzia matumaini.

Halafu angalia mahakama, kwani watu wengi husahau. Ghana ilipitisha sheria mwaka 2020 yenye kifungu cha 43, kilichoruhusu leseni ya kulima bangi yenye THC, kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikibatilisha kifungu hicho kwa sababu ya namna kilivyopitishwa bungeni. Mwaka 2023 bunge likarudi na marekebisho. Aliyekuwa na nakala ya 2020 kwenye faili lake alikuwa na karatasi halali, kisha karatasi tupu, kisha karatasi iliyopitwa na wakati, na maandishi yaliyo juu yake hayakubadilika hata herufi.

Ukishapata maandishi sahihi, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tafsiri, kinachoeleza maana ya maneno ya sheria. Usikivuke. Huko ndiko hempu inakotenganishwa na bangi, na karibu kila mahali kinachozitenganisha ni namba ya THC. Hapa naomba utulie, kwa kuwa kesi nyingi ninazoziona zinaanzia kwenye namba hii.

Namba peke yake haikuambii kitu mpaka ujue imepimwaje. Kwenye mmea mbichi sehemu kubwa ya THC ipo kama tindikali, THCA, ambayo hugeuka kuwa THC ikipata joto. Sheria moja inahesabu THC iliyokwisha kugeuka tu, ile inayoitwa delta-9. Nyingine inahesabu jumla, na hesabu ya jumla ni delta-9 kujumlisha THCA mara 0.877, kwa kuwa tindikali hupoteza sehemu ya uzito wake inapogeuka. Chukua cheti cha maabara kinachoonyesha delta-9 asilimia 0.18 na THCA asilimia 0.45. Chini ya sheria ya kwanza upo salama kwenye mpaka wa 0.3. Chini ya sheria ya pili una 0.57, na shamba lote linaweza kuamriwa liharibiwe. Mmea ni uleule.

Uliza pia kama uzito ni mkavu au mbichi. Sampuli yenye maji robo tatu ikisoma 0.1, ikikauka inasoma 0.4. Uliza sampuli imekatwa wapi, maana ua la juu na shina havilingani hata kidogo, na imekatwa lini, kwa kuwa THC huongezeka kadiri ua linavyokomaa. Kanuni za Marekani za 2021 zinataka sampuli ya maua ya juu, na zao livunwe ndani ya siku 30 baada ya sampuli kuchukuliwa. Mkulima aliyezidi 0.3 kule lazima aharibu au arekebishe zao, lakini hahesabiwi mzembe kama alichukua tahadhari na hakuvuka asilimia 1.0. Tofauti kati ya hasara na kosa ipo kwenye aya ndogo ambayo wengi hawafiki.

Mipaka yenyewe inatofautiana. Umoja wa Ulaya ulipandisha kiwango kwa wakulima wanaopewa ruzuku kutoka 0.2 hadi 0.3 kuanzia 2023, Uswisi iko kwenye asilimia 1. Kwa hiyo anayekuambia mbegu zake "zimethibitishwa", mwulize zimethibitishwa kwa kiwango cha nani.

Namba ya shamba nayo haitoshi kwa bidhaa iliyo tayari, na hapa Marekani ni darasa zuri. Sheria ya kilimo ya 2018 iliweka asilimia 0.3 ya delta-9 kwa uzito mkavu, ikiwa na mashamba akilini. Wafanyabiashara wakaipeleka kwenye pipi. Pipi ya gramu 4 kwa asilimia 0.3 inabeba miligramu 12 za THC, na hizo zinamlevya mtu mzima. Chupa ya kinywaji ya gramu 350 kwa hesabu hiyohiyo ingepita gramu nzima. Wengine wakachukua CBD halali, kemikali ya mmea huu isiyolevya, wakaigeuza kwa kemia kuwa delta-8, ndugu ya delta-9 inayolevya pia, ambayo sheria haikuitaja. Novemba 2025 ikasainiwa sheria iliyohesabu jumla ya THC, ikaziondoa kemikali zilizotengenezwa nje ya mmea, na ikaweka kikomo cha miligramu 0.4 kwa kila chombo kinachomfikia mlaji, kuanza mwaka mmoja baadaye. Ile pipi imezidi kikomo kipya mara 30. Mimi siwaonei huruma sana waliojenga biashara nzima juu ya pengo la sheria. Pengo likionekana na wewe, ujue na mbunge ataliona.

Kwenye cheti cha maabara, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye chupa, tarehe, na kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa kipimo hichohicho, siyo kwa kupima maji. Pakiandikwa "haikuonekana", tafuta kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yao inaweza kupima. Kama mashine haioni chini ya 0.3, "haikuonekana" haina thamani kwako.

Upande wa matibabu, swali la kwanza ni nani anaruhusiwa kuandika cheti cha dawa. Uingereza ilifungua tarehe 1 Novemba 2018, lakini anayeanzisha matibabu ni daktari bingwa aliye kwenye orodha ya mabingwa, siyo daktari wa kawaida wa zahanati. Swali la pili ni kama kinachoruhusiwa ni dawa iliyosajiliwa au maua yenyewe. Marekani ilisajili Epidiolex, dawa ya CBD kwa aina kali za kifafa, mwaka 2018. Usajili huo haukufanya kila mafuta ya CBD kuwa dawa. Muuzaji anayeandika kwenye chupa kwamba yanatibu saratani anavunja sheria za dawa hata kama mmea wake ni hempu safi, na wewe unayemwagizia mzigo umo humohumo.

Usidhani pia kwamba milango inafunguka tu. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maduka yakaota kila kona, kisha Juni 2025 ikarudisha sharti la cheti cha daktari kwa maua. Japani ilifungua njia ya dawa zitokanazo na bangi Desemba 2024, na mabadiliko hayohayo yakafanya kutumia bangi kuwa kosa la jinai.

Kama wewe ni mgonjwa na unasafiri, cheti chako cha dawa kinaishia mpakani. Ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kuna hati maalumu ya kubeba dawa zinazodhibitiwa kwa siku zisizozidi 30, ambayo mamlaka husika huidhinisha. Kwingineko, andikia ubalozi kabla ya kukata tiketi na uulizie hata nchi unayopitia kubadilisha ndege. Singapore inaweza kumshtaki raia wake kwa bangi aliyoitumia nje ya nchi, kwa hiyo usitegemee upole.

Kabla ya kulipa pesa yoyote, iandikie mamlaka barua fupi. Usipige simu, sauti haina muhuri. Mimi huandika hivi: "Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kama bidhaa iliyoelezwa hapa chini, yenye cheti cha maabara nilichoambatisha, inahitaji leseni chini ya kifungu namba kadhaa, na kama kiwango cha THC kinachotumika ni cha delta-9 au cha jumla, kwa uzito mkavu au kwa chombo." Taja kifungu. Barua inayouliza "je, hempu inaruhusiwa?" hujibiwa "fuata sheria", na utakuwa umerudi ulipoanzia. Wakijibu, peleka jibu hilo kwa wakili pamoja na nakala ya sheria uliyoandika tarehe uliyoichukua, umwambie akutafutie kifungu cha mpito: kinachosema sheria ikibadilika, mzigo ulio ghalani unapewa muda gani, na nani anagharamia kuuharibu.