Jinsi ya kutambua na kutumia vitengo maalumu vilivyomo ndani ya prosesa

Mwaka 1980 hesabu za desimali zilikuwa na chipu yake ya pembeni, Intel 8087. Mwaka 1989 kitengo hicho kikaingizwa ndani ya 486DX. MMX (amri za kuchakata namba kadhaa kwa mpigo) ikafuata 1997, amri za AES (mbinu ya kuficha data kwa ufunguo) 2010, michoro kwenye kipande kilekile cha silikoni 2011 (Sandy Bridge), kisha kitengo cha mitandao ya neva kwenye Apple A11 mwaka 2017.

Kabla ya kugusa chochote, jua kitengo unachokitafuta kimeingia kwa njia gani. Vingine vimegeuka amri za kiini chenyewe (sehemu ya prosesa inayotekeleza programu), kwa hiyo programu huviita bila draiva (programu ya kuendesha kifaa). Vingine vinaishi pamoja na viini lakini bado ni vifaa vinavyojitegemea. Bila draiva havifanyi kazi yoyote. Matatizo mengi hutokana na kuchanganya makundi haya mawili.

Kundi la kwanza hukaguliwa hivi kwenye Linux ya x86 (prosesa za Intel na AMD); avx2 na avx512f (AVX-512) ni amri za kuchakata namba nyingi kwa mpigo, kama MMX:

lscpu | grep -owE 'aes|avx2|avx512f'

Kisichotajwa hakipo, au kimefichwa. Kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) ya QEMU, modeli ya prosesa iitwayo qemu64 huficha AES. Weka modeli ya host badala yake, kisha izime mashine hiyo kabisa na kuiwasha upya. Usitegemee upya wa prosesa pia: Alder Lake ya 2021 ilifungiwa AVX-512 kwa sababu viini vyake vidogo haviijui.

Sasa pima kwa OpenSSL, maktaba ya kuficha data, maana kuwepo si kutumika:

openssl speed -evp aes-256-gcm
OPENSSL_ia32cap="~0x200000200000000" openssl speed -evp aes-256-gcm

Amri ya pili inazima AES ya prosesa. Linganisha safu ya mwisho: tofauti iwe ya mara kadhaa. Zikilingana ilhali lscpu imeonyesha aes, shuku maktaba ya OpenSSL iliyojengwa bila msimbo wa asembli (ulioandikwa moja kwa moja kwa amri za prosesa).

Ukijenga programu kwa -march=native (chaguo la kompaila linalotumia amri zote za prosesa yako) kisha ukaihamishia kwenye mashine ya zamani, itakufa kwa ujumbe "Illegal instruction". Ijenge kwa -march=x86-64-v2, ambayo mashine nyingi zaidi zinaiweza.

Kundi la pili hukaguliwa kwa faili za vifaa: /dev/dri/renderD128 kwa michoro, /dev/accel/accel0 kwa mitandao ya neva. Faili isipoonekana, kerneli haina draiva au kitengo kimezimwa kwenye BIOS. Ikiwepo lakini ukanyimwa ruhusa, mara nyingi dawa ni kujiunga na kundi la render, kutoka na kuingia tena. Endesha vainfo uone aina za video zinazokubaliwa na kitengo cha michoro. Kuwa makini na ffmpeg, programu ya kuchakata video: kitengo kikishindwa, inaweza kurudi kwenye viini na kuendelea na kazi, hivyo fungua top uangalie mzigo wa viini.

Michoro ya ndani hutumia RAM ya mfumo. Kwenye ubao wa chaneli mbili, kijiti kimoja hukupa nusu tu ya upana wa njia ya data. Weka viwili vinavyofanana, kimoja kwa kila chaneli, kabla ya kuilaumu draiva.