Waliofariki tarehe moja: namna ya kuandaa kumbukizi ya siku redioni

Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, redio yetu hapa Morogoro ina dakika tatu za "siku kama ya leo". Mimi ndiye ninayeziandaa. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza majina nayapata wapi. Majina si shida, mtandaoni yamejaa tele. Shida ni tarehe, na ndiyo maana maelekezo haya yataongelea tarehe kuliko watu.

Anza na jina ambalo msikilizaji wako analijua bila kuambiwa. Kwetu Aprili 12 haihitaji utangulizi: Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa mwaka 1984, akitoka Dodoma bungeni kuelekea Dar es Salaam. Dakawa ni mkoa wetu huu huu, wapo wasikilizaji wanaopita pale kila wiki. Ukishampata mwenyeji, mtafutie wageni. Tarehe hiyo inao wengi: Rais Franklin Roosevelt wa Marekani (1945), mwimbaji Josephine Baker (1975), bondia Joe Louis (1981), mwandishi Alan Paton wa Afrika Kusini (1988). Usiwasome wote. Majina matano ndani ya dakika tatu yanageuka matangazo ya vifo. Chukua wawili, na uwe na sababu ya kuwachukua hao.

Mimi humchukua Roosevelt, kwa sababu yeye na Sokoine walikufa kazi ikiwa mikononi. Roosevelt alikuwa Warm Springs, Georgia, amekaa kitini anachorwa picha, akasema kichwa kinamuuma sana, akaanguka. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63, muhula wake wa nne haujatimiza hata miezi mitatu, na vita vya Ulaya vilikwisha mwezi uliofuata bila yeye. Sokoine alikuwa na miaka 45, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia tu. Baker naye ana kisa kizuri: alifariki Paris siku nne baada ya kuzindua onyesho la kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake jukwaani. Huyo namwekea Aprili 12 inapoangukia Jumamosi, siku ambayo kipindi chetu kina muziki zaidi.

Sasa daftari. Usiandike jina na mwaka peke yake. Kwa kila mtu andika mji aliofia, saa kama inajulikana, chanzo cha kifo, na kalenda iliyotumika. Andika pia tarehe ya tangazo kando ya tarehe ya kifo, maana hazilingani kila mara. Patrice Lumumba aliuawa Katanga Januari 17, 1961, lakini dunia ilitangaziwa Februari 13. Ukimweka Februari 13 unakuwa umekubali tarehe ya wale waliomficha. Gazeti la kesho yake ni shahidi mzuri, ila soma kwa makini: likiandika "jana", hesabu kuanzia siku lilipochapwa, na ukikuta "usiku wa kuamkia leo", tafuta saa kabisa.

Saa ndiyo inayoangusha wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kila anayeandaa kipindi kama hiki hukutana na Novemba 22, 1963, siku aliyouawa Rais John Kennedy wa Marekani mjini Dallas, na siku hiyo hiyo wakafariki waandishi wawili wakubwa wa Uingereza, C. S. Lewis na Aldous Huxley. Magazeti yalijaa Dallas, hao wawili wakapita kimya kimya. Kila mtu hulisoma hivyo hewani na kuishia hapo. Wewe chukua kalamu, panga saa.

Lewis alifariki nyumbani kwake Oxford karibu saa 11:30 jioni. Dallas wakati huo ilikuwa saa 5:30 asubuhi, msafara wa Kennedy bado haujafika mjini. Saa nzima baadaye, saa 6:30 mchana wa Dallas, Kennedy akapigwa risasi, na saa 7 akatangazwa amefariki. Huxley akafuata Los Angeles karibu saa 11:20 jioni ya huko. Sasa hamishia zote Afrika Mashariki: Lewis saa 2:30 usiku wa Ijumaa, Kennedy saa 4 usiku, na Huxley saa 10:20 alfajiri ya Jumamosi, Novemba 23. Kwa saa ya ukutani ya Dar es Salaam, hao watatu hawakufariki tarehe moja! Na ukimuuliza mzee wa pwani anayeanza siku magharibi, atakuambia wote wameingia Jumamosi.

Kanuni yangu ni moja: tarehe ni ya mahali mtu alipofia. Ishike hiyo, ubishi unakwisha. Lakini msomee msikilizaji na saa za hapa kwetu. Anapenda kujua kwamba Kennedy alipotangazwa amekufa, Morogoro watu walikuwa wanakwenda kulala.

Baada ya saa, kalenda. Utaambiwa waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, Aprili 23, 1616. UNESCO waliichagua tarehe hiyo mwaka 1995 kuwa siku ya vitabu duniani, na mimi sina ugomvi nayo. Ila Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori tunayotumia leo, Uingereza ikawa bado inafuata ile ya zamani ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 10. Aprili 23 ya Shakespeare ilikuwa Mei 3 kule Madrid. Tena Cervantes mwenyewe alifariki tarehe 22. 23 ni siku ya mazishi. Kwa hiyo sema "wanakumbukwa tarehe moja", usiseme "walifariki siku moja". Kwa vifo vya Uingereza kabla ya 1752 na vya Urusi kabla ya 1918, uliza kwanza: kalenda ipi? Na masheikh wetu wanaokumbukwa kwa mwezi wa Kiislamu usiwahamishie Januari hadi Desemba. Kumbukizi zao zinarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na wenyewe ndivyo wanavyozitaka.

Jambo jingine, tenganisha waliokutanishwa na tarehe na waliokutanishwa na tukio. Marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi walikufa Aprili 6, 1994 ndani ya ndege moja iliyotunguliwa Kigali. Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa pamoja na Lumumba. Hapo hakuna sadfa ya kusimulia, kuna tukio, na Aprili 6 haisomwi kwa sauti ya "ajabu na kweli".

Ajabu zenyewe zipo, na wasikilizaji wanazipenda. John Adams na Thomas Jefferson, waliokuwa pamoja katika kamati ya kuandika Azimio la Uhuru wa Marekani, walifariki Julai 4, 1826, azimio likitimiza miaka 50; Jefferson mchana, Adams jioni. Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile, akafa James Monroe, naye rais mstaafu. Simu zitaita: kuna siri gani hapo? Uwe na hesabu mkononi. Ukiwa na majina 23 tu, uwezekano wa angalau wawili kugongana tarehe unazidi nusu. Ukiwa na 50, unafika asilimia 97. Mshangao ungekuwa kukosa.

Februari 29 haijai kirahisi, lakini sisi tunayo. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa, alifariki Dar es Salaam Februari 29, 2024 akiwa na miaka 98. Siku hiyo hiyo, Florida, akafariki Brian Mulroney, waziri mkuu wa zamani wa Kanada. Mwinyi aliongoza 1985 hadi 1995, Mulroney 1984 hadi 1993. Miaka mifupi mimi huwasoma Februari 28 na kusema wazi kwamba tarehe yao mwaka huu haipo.

Kisha kuna adabu, na hii huwezi kuisoma kwenye kamusi ya tarehe. Oktoba 14 ni siku ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1999. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1944, jenerali wa Hitler, Erwin Rommel, alilazimishwa kunywa sumu. Ni kweli, na haingii kwangu. Mfalme Harold wa Uingereza, aliyeuawa vitani Hastings mwaka 1066, namruhusu. Hakuna mtoto wake atakayepiga simu.

Andika kwa ajili ya mdomo: sentensi fupi, mwaka usomwe mara moja, aliyeuawa asiitwe "aliyeaga dunia". Yangu ya Aprili 12 huanza hivi:

"Siku kama ya leo mwaka 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alitoka Dodoma kwa gari. Hakufika Dar es Salaam. Miaka 39 kabla yake, tarehe hii hii, rais wa Marekani alikuwa amekaa anachorwa picha, na picha ile haikumalizika."

Isome kwa sauti ukiwa na saa ya kuhesabia sekunde, ukate kinachozidi. Namba ya simu ya studio itajwe mwisho kabisa. Ukiitaja mwanzoni, watu wataanza kupiga hata Dakawa hujafika.