Namna ya Kutaniana na Wapinzani Uwanjani Wakati wa Ashes

Shabiki aliyezoea mechi ya Simba na Yanga, ambako kila upande una majukwaa yake na kejeli hurushwa kutoka mbali, atakapoingia uwanja wa Edgbaston, England, au wa Melbourne, Australia, kutazama Ashes, yaani mfululizo wa mechi ndefu za kriketi, ziitwazo Test, kati ya England na Australia, huenda akashangaa kukuta kiti chake kimepakana na cha mpinzani. Mechi moja huweza kuchukua siku tano, pamoja na mapumziko ya chakula cha mchana na chai, kwa hiyo unayemcheka asubuhi ndiye utakayekuwa naye hadi jioni. Msalimie kwanza, muulize ametoka wapi, kisha ndipo uanze utani.

Anza kwa kuicheka timu yako mwenyewe. Hata jina la mashindano haya, Ashes, yaani majivu, lilitokana na dhihaka ya namna hiyo: mwaka 1882, England ilipofungwa kwa mikimbio (alama za kriketi) 7 tu katika uwanja wa The Oval, gazeti moja la London lilichapisha tanzia ya kriketi ya England, likisema kwamba mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia.

Subiri nafasi. Mwisho wa ova, yaani zamu ya mrushaji, mipira sita inapotimia, ndio wakati mzuri wa kuimba au kutupa neno. Lakini usisimame wala kupita nyuma ya mrushaji mpira akijiandaa, kwani mpigaji akikuona mchezo utasimamishwa na uwanja mzima utakugeukia.

Lenga uchezaji, na utanie kile tu ambacho uko tayari kurudishiwa. Katika ziara ya 2010–11, Barmy Army, kundi la mashabiki wa England, walimwimbia Mitchell Johnson, mrushaji wa Australia, kwamba mipira yake huenda kushoto na kulia, na England ikashinda 3–1 ugenini. Wimbo ulikuwa mtamu, nami sioni kosa ndani yake. Miaka mitatu baadaye Johnson alichukua wiketi 37, yaani aliwatoa wapigaji mara 37, Australia ikashinda mechi zote tano, na waimbaji wale hawakuwa na haki ya kununa.

Rangi ya mtu, asili yake na familia yake haviguswi kamwe. Aidha, usidhani kwamba tai shingoni humfanya mtu awe na adabu: mwaka 2023, baada ya Jonny Bairstow, mpigaji wa England, kutolewa kwa namna iliyowaudhi Waingereza, baadhi ya wanachama wa MCC, klabu inayomiliki uwanja wa Lord's jijini London, waliwatukana wachezaji wa Australia ndani ya jengo la klabu hiyo uwanjani hapo, na watatu wakasimamishwa uanachama.

Mpinzani akifanya jambo kubwa, mpigie makofi, jambo ambalo jukwaa la soka halidai. Umati wa Chennai, nchini India, ulifanya hivyo mwaka 1999 India ilipofungwa na Pakistan kwa mikimbio 12: ulisimama na kuwashangilia wageni walipokuwa wakizunguka uwanja. Makofi hayo yakishaisha, unaweza kuendelea na kejeli zako, isipokuwa jirani yako akiwa amelewa au amenyamaza kwa hasira. Hapo mwache hadi mapumziko yanayofuata.