Somo: Kuzima jeni kwa bakteria ambaye hana vifaa vyake

Wengi wetu hapa Nairobi tunashughulika na bakteria tuliowatoa shambani wenyewe, kama raizobia (bakteria wanaofunga nitrojeni) wa vinundu vya maharagwe kutoka Kabete. Vifaa vya kuhariri jeni vilivyotengenezwa kwa E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, mara nyingi huwagomea. Kwa wa Gramu hasi (wanaogeuka waridi kwa rangi ya Gramu), anza na plasmidi, yaani duara dogo la DNA, isiyoweza kujizidisha ndani yao, yenye jeni ya sugu kwa kanamaisini na jeni ya sacB, ambayo huwaua kwenye sukari.

1. Pima dawa kwanza. Watu huruka hatua hii, halafu kazi yote inaharibika. Mwoteshe bakteria wako kwenye viwango mbalimbali vya kanamaisini na jentamaisini, na kwenye sukari ya kawaida (sukrosi) asilimia 5 hadi 10. Kama tayari ni sugu kwa dawa fulani, itafute nyingine.

2. Unganisha vipande viwili vya DNA vinavyopakana na jeni unayotaka kuizima, kila kimoja herufi 500 hadi 1,000, uviweke kwenye plasmidi. Usivuruge fremu (mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu), jeni za jirani zisije zikanyamaza pia.

3. Pitisha plasmidi kwa konjugesheni, yaani bakteria mmoja kumpa mwingine DNA wakigusana. Mtoaji awe E. coli anayehitaji kupewa asidi ya diaminopimeliki ili aishi. Ukimnyima, anakufa, anabaki mpokeaji.

4. Chagua kwa kanamaisini. Wanaoota wameimeza plasmidi nzima kwenye kromosomu. Jeni bado haijatoka! Wakuze bila dawa, kisha wapande kwenye sukari. sacB huigeuza sukari kuwa levani, ambayo ni sumu kwao, na mwenye plasmidi hufa.

5. Gusa kila koloni kwa kijiti cha meno kilichotakaswa, donoa sahani ya kanamaisini, kisha isiyo na dawa. Unayemtaka ataota ya pili tu. Hata hao, wengi huwa wamerudi hali ya asili, kwa hiyo thibitisha kwa PCR (kunakili kipande cha DNA ili kukipima), praima, yaani vianzio vya kunakili, zikiwa nje ya vile vipande viwili. Mwisho mrudishie jeni kwa plasmidi nyingine uone kama tabia inarudi. Bila hilo mimi sikubali matokeo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusitumie CRISPR moja kwa moja?*
Cas9, kimeng'enya cha CRISPR, hukata DNA, na bakteria wengi hawawezi kuiunga bila kiolezo, hivyo hufa. Ipo njia isiyokata nyuzi zote mbili: kihariri cha herufi hugeuza C kuwa T, CAG ikawa TAG, na protini inakatikia hapo.

*Wangu wote wanarudi hali ya asili. Nifanyeje?*
Huenda hawawezi kuishi bila jeni hiyo, dada. Ipunguze badala ya kuifuta: dCas9, yaani Cas9 isiyoweza kukata, huishikilia DNA bila kukata, jeni ikasomwa kidogo tu.

*Elektroporesheni (kuingiza DNA kwa mshtuko wa umeme) imenigomea kabisa.*
Huenda vimeng'enya vya bakteria wako hukata DNA isiyo na alama zake za methili (alama za kemikali anazozitambua kuwa zake). Jaribu konjugesheni, ambayo huingiza uzi mmoja.