Somo: Kupika maharage makavu yaive na yasimdhuru mlaji

Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 hivi za protini, pamoja na madini ya chuma, vitamini ya foleti na nyuzinyuzi nyingi. Lisini na methionini ni vijenzi vya protini: lisini iliyo haba katika mahindi imo kwa wingi katika maharage, na methionini inayopungua katika maharage hupatikana katika mahindi, kwa hiyo sahani ya makande hukamilisha protini bila kipande cha nyama. Hata hivyo, maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na punje nne au tano tu zaweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu.

Kwanza, chambua. Tumia sinia jeupe, kiganja kimoja kimoja, maana kijiwe chenye rangi ya udongo hujificha kwenye ungo. Punje zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zitupwe.

Pili, loweka kwa maji mara tatu ya maharage, kwa saa zisizopungua 5. Penye joto kali, badilisha maji kabla hayajaanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Wapo wanaopikia maji yale yale wakihofia mchuzi kupauka. Mimi huyamwaga, kwa kuwa yamebeba sehemu ya sumu na ya sukari zinazojaza tumbo gesi.

Tatu, ambayo ndiyo hatua ya usalama, bandika kwa maji mapya na uchemshe kwa moto mkali dakika 30. Hesabu huanza maji yanapotokota hasa, punje zikipinduka chini juu, wala si mvuke unapoanza kuonekana. Baada ya hapo punguza moto, uache yaive mpaka punje ukiibonyeza kwa vidole viwili ivunjike yote bila kiini kigumu. Nyanya na ndimu zisubiri hadi hapo, kwani uchachu huchelewesha kulainika.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi hutia magadi ili kuokoa mkaa. Je, kuna ubaya?*

Marahaba. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu. Kuloweka usiku kucha kutakuokolea mkaa vilevile.

*Naweza kuyaacha kwenye jiko kapu, lile kapu linalohifadhi joto ili chakula kiive bila moto, tangu mwanzo?*

Hapana. Yatokote kwanza dakika 30, ndipo uyafunike kapuni. Joto la nyuzi 80 hivi, lisilofika kuchemka, laweza kuifanya sumu iwe kali kuliko ya maharage mabichi. Sufuria za umeme zinazopika polepole zina hatari hiyo hiyo.

*Yangu yamekaa motoni saa tatu na bado magumu. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea jikoni. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu hugoma kuiva. Ukinunua mapya, usiyachanganye na hayo, la sivyo nusu ya sufuria itapondeka huku nyingine ikingali ngumu.