Begi la muuguzi mpya: hatua kwa hatua, kabla hujaripoti kituoni

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu, binti wa mama mdogo, hapa kwangu Mwanga, Kigoma, tukapanga begi lake la kazi. Amepangiwa zahanati moja mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza, kule ambako boti ndiyo barabara. Alikuja na begi la mgongoni limejaa mpaka zipu inagoma: vitabu vitatu vya chuo, boksi zima la glavu, mashine ya presha, makoti mawili. Tukamwaga vyote kitandani, tukaanza upya. Naandika kwa ajili ya wenzake wanaoripoti sasa hivi Kasulu, Kibondo, Kakonko, na kule Tabora upande wa Urambo na Kaliua.

Kipimo changu ni kimoja. Kitu kinaingia begini ikiwa kukikosa kutakuondoa kando ya kitanda cha mgonjwa. Vingine vyote vibaki nyumbani.

Hatua ya 1: Begi lenyewe

Chukua begi dogo la kitambaa kinachofulika, lenye mifuko isiyopungua mitatu na mkanda wa kupitisha begani. Usinunue la ngozi hata kama ni zuri, maana huwezi kulitia kwenye maji na sabuni. Mfuko mmoja wa vifaa, mmoja wa chakula, mmoja wa karatasi. Wodini litundike; lisikae sakafuni, wala kitandani kwa mgonjwa.

Hatua ya 2: Karatasi

Barua ya kupangiwa kazi, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, vyeti, na nakala za kila kimoja. Tia kwenye folda ya plastiki inayofungwa vizuri. Mvua za Kigoma si za mchezo, na anayesafiri kwa boti ajue mawimbi ya Tanganyika yanaingia mpaka mapajani.

Weka pia kadi ya chanjo ya homa ya ini B. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa na dozi moja tu. Nilimwambia asipande boti kabla hajapanga lini na wapi atapata ya pili.

Hatua ya 3: Kalamu na daftari

Kalamu nne za bluu au nyeusi, moja nyekundu ya kuandikia mzio wa dawa. Daftari liwe dogo la kuingia mfuko wa gauni. Usiandike jina la mgonjwa humo, andika namba ya kitanda. Kurasa za mwisho ziache kwa maneno ya Kiha: muulize mhudumu wa afya mzaliwa wa hapo namna ya kusema "panauma wapi" na "sukuma", uandike kama unavyosikia. Bibi aliyeshuka kutoka milima ya Buhigwe akiwa na homa anaweza asiwe na Kiswahili cha kutosha kukueleza.

Hatua ya 4: Saa

Hapa mnivumilie, nitakaa sana.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kituo cha afya kimoja huku mkoani, nilikuwa zamu ya usiku peke yangu na mhudumu mmoja. Mzee mmoja alikuwa ameishiwa maji kwa kuharisha. Daktari akaandika lita 1 iende kwa saa 8. Nikafungua dripu saa nne usiku, hivyo ilitakiwa iishe saa kumi na mbili asubuhi. Sikuwa na saa, nikatumia simu. Nikahesabu matone kwa sekunde 15, katikati kioo kikajizima, nikakiwasha, nikaendelea pale nilipodhani nimefikia, nikazidisha kwa nne. Kisha nikaitwa leba. Niliporudi saa saba usiku chupa ilikuwa karibu tupu.

Kwa mzee, maji yakiingia kwa kasi namna ile yanaweza kwenda mapafuni. Nilimkalisha, nikampigia daktari, nikakaa pembeni yake mpaka kulipokucha nikihesabu pumzi na kusikiliza kifua, naandika kila baada ya nusu saa. Alitoka salama. Lakini ule usiku sijausahau, na ndiyo sababu nasema hivi: nunua saa kabla ya kitu kingine chochote.

Iwe saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili wewe uitazame ikiwa wima. Ya mkononi hapana. Vijidudu hujificha chini ya mkanda, na huwezi kunawa vizuri ukiwa umeivaa. Iwe na mshale wa sekunde mrefu, wenye rangi tofauti na mingine. Za namba tupu sizipendi kwa kazi hii, kwa sababu jicho linasoma namba wakati linatakiwa kutazama tone. Namba zinazong'aa gizani ni faida kubwa.

Kabla ya kulipa, iweke sambamba na saa ya simu uzitazame kwa dakika 2 nzima. Muuza saa akinung'unika, hama meza. Kwenye saa nyingi za betri, mshale ukianza kuruka sekunde kadhaa kwa mpigo, betri inaelekea kwisha. Nunua na betri ya akiba pale pale mjini, maana huko mwambaoni huenda usiipate.

Sasa namna ya kuitumia. Tazama pakiti ya mpira wa dripu, imeandikwa matone mangapi yanafanya mililita 1. Ya watu wazima mara nyingi ni 20, ya watoto ni 60. Usikisie, soma. Kisha zidisha mililita kwa matone hayo, gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8 ni 1000 mara 20, gawanya kwa 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Kwa mpira wa matone 60 hesabu ni nyepesi zaidi: idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa. Mtoto aliyeandikiwa mililita 30 kwa saa anapata matone 30 kwa dakika.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kukosea tone moja, ukizidisha kwa nne umekosea matone 4 kwa dakika, na kwa saa 8 hiyo ni karibu mililita 100. Rudi uhesabu tena baada ya dakika 15, kwa sababu mgonjwa hukunja mkono, huinuka kwenda chooni, na kile kigurudumu cha kubana mpira hulegea chenyewe. Bandika utepe wa plasta ubavuni mwa chupa, uandike saa mbele ya kila kiwango: kwa lita 1 ya saa 8, inapungua mililita 125 kila saa. Hapo hata mhudumu anayepita anaona kama maji yamekimbia.

Saa hiyo hiyo ndiyo ya kuhesabia pumzi za mtoto, nayo ni dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani kwa mama, hanyonyi wala halii. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50. Mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, 40. Nakili namba hizo ndani ya jalada la daftari lako.

Hatua ya 5: Taa ya kichwani

Umeme ukikatika mama akiwa anajifungua, unahitaji mikono yote miwili. Tochi ya mkononi itakupunguzia mkono mmoja, na simu ukiing'ata kwa meno umekwishajichafua. Nunua ya kufunga kichwani, inayotumia betri za kawaida zinazopatikana duka lolote la kijijini. Ijaribu kila kabla ya zamu ya usiku.

Hatua ya 6: Vidogo vidogo

Mkasi wenye ncha butu, uandike jina lako kwa plasta. Mpira wa kufunga mkono unapotafuta mshipa. Wengi wanafunga kwa glavu, inafanya kazi, lakini inabana vibaya ngozi za wazee. Rola ya plasta. Kitakasa mikono. Mafuta ya mgando, kwa kuwa sabuni ya siku nzima inapasua mikono, na mkono wenye nyufa ni mlango wa maradhi.

Na kikaratasi chenye namba za simu za msimamizi wako na za anayetoa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Ukijichoma sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kuminya, kisha piga simu hapo hapo. Dawa hizo zianze ndani ya saa chache. Ukivuka saa 72 umechelewa.

Hatua ya 7: Kisichoingia

Dawa, sindano, kanula na glavu za wodini havitoki wodini, hata kama ni kipande kilichobaki na hata kama jirani yako ana mtoto mwenye homa. Nimeona vijana wazuri wakipoteza kazi kwa jambo hili. Mashine ya presha ya mdogo wangu tuliiacha nyumbani, vitabu vikaingia sandukuni pamoja na nguo.

Hatua ya 8: Tumbo, miguu na kitenge

Chakula kisichomwagika: mihogo ya kuchemsha, karanga, chupa ya maji. Dagaa waache nyumbani, harufu inamkera mama mwenye kichefuchefu. Viatu vya kufunika vidole, sindano ikidondoka ikutane na ngozi ya kiatu. Gauni la kazi livae ukifika na ulivue kabla ya kuondoka, liingie kwenye mfuko wa kitambaa utakaofuliwa pamoja nalo.

Kitenge kimoja cha zamani, kizito. Ni cha kumsitiri mama aliyeletwa kwa bodaboda nguo zikiwa zimelowa damu. Nguo utaomba ndugu zake walete baadaye, sitara anaihitaji pale pale.

Hatua ya 9: Kabla ya kutoka getini

Pangusa mkasi, saa na taa kwa spiriti. Nawa. Kisha pekua mifuko yote ya gauni utafute funguo za kabati la dawa, maana ukiondoka nazo anayekupokea hawezi kumpa mgonjwa hata dawa ya kifafa. Ukizikuta uko njiani, mwambie boda ageuze, hata kama mmeshafika Gungu.