Kukomaza Tangi Jipya la Matumbawe kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mtu anayeishi Shangani, Mikindani au mjini Lindi huiona kazi ya kuanzisha tangi la matumbawe, yaani tangi la kioo la kufugia matumbawe na samaki wa bahari, kuwa nyepesi, kwa sababu maji ya bahari anayo karibu na hana haja ya kununua chumvi maalumu kutoka nje. Wepesi huo ni wa kweli kwa upande wa maji tu. Bakteria wanaolifanya tangi liweze kubeba uhai hawaji kwa wingi ndani ya maji. Wengi wao huishi wakiwa wameshikamana na mawe, mchanga na chujio, na huongezeka polepole kuliko bakteria wengi tunaowafahamu. Tangi lililojazwa asubuhi kwa maji safi kabisa halina bado uwezo wa kusafisha uchafu wa samaki, na samaki atakayetiwa humo jioni ataanza kudhurika kwa amonia anayoitoa mwenyewe, hasa kupitia matamvua yake.

Kukomaza tangi ni kuwalea bakteria hao kabla ya kuleta mnyama yeyote. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili, ambamo wamo Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali. Kwa kawaida kazi hii huchukua majuma matatu hadi sita, lakini kinachoamua ni vipimo, wala si kalenda.

Hatua ya kwanza: maji

Chota maji nje, mbali na bandari na mbali na midomo ya mito, wakati maji yamejaa. Siku za bamvua hufaa zaidi, kwa kuwa maji ya bahari kuu huingia kwa wingi. Katika miezi ya mvua, Ghuba ya Lindi hupokea maji ya Mto Lukuledi, na pwani ya kusini ya Mtwara hupokea maji ya Mto Ruvuma, hivyo maji huweza kuwa na tope na chumvi pungufu. Subiri siku kadhaa za jua, kisha upime. Unahitaji takribani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, yaani haidromita, kipimo kinachoelea majini kuonyesha wingi wa chumvi, isome kati ya 1.025 na 1.026. Chuja maji kwa kitambaa safi, uyaweke gizani katika madumu ya plastiki ya chakula, na uyapulizie hewa kabla ya kuyatumia.

Hapa kwetu kuna jambo moja linalostahili kusisitizwa kwa nguvu. Dumu, ndoo au pampu iliyowahi kubeba dawa ya mikorosho isikaribie tangi hata baada ya kuoshwa mara nyingi, kwani masalia kidogo ya kiuatilifu huua kamba na matumbawe. Vivyo hivyo, chumvi ya mashamba ya chumvi haiwezi kutengeneza maji ya bahari ikiyeyushwa. Maji yanapokauka katika mashamba hayo, kalsiamu hutangulia kuganda na magnesiamu nyingi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachovunwa ni kloridi ya sodiamu karibu tupu.

Hatua ya pili: mawe na mchanga

Usivunje matumbawe hai, na usichukue jiwe kutoka mwamba ulio hai. Pwani yetu imekwisha kuumizwa vya kutosha na mabomu ya uvuvi na matanuri ya chokaa. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ipo ili kulinda kilichosalia, na matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Tumia jiwe kavu la matumbawe ya kale kutoka nchi kavu, lenye matundu mengi, ulisugue, uliloweke, na ubadilishe maji mpaka yasitoe tena harufu. Matundu ndiyo yenye thamani, kwa maana ndimo bakteria watakamokaa.

Kwa mchanga, omba ruhusa kwa uongozi wa kijiji au wa hifadhi kabla ya kuchota. Dondoshea siki kidogo juu ya sampuli: ukitoa mapovu mengi, una chembe za matumbawe na makombe, ukikaa kimya, ni mchanga wa kawaida wa mawe na hautasaidia kuzuia maji yasiwe na asidi.

Hatua ya tatu: kuwasha mfumo

Panga mawe moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, yasije yakaporomoka baadaye. Jaza maji, washa pampu, na uache halijoto ikae kati ya nyuzi 25 na 27. Wakati wa kaskazi joto la chumba hulipandisha tangi kwa urahisi. Feni inayopuliza juu ya maji huliteremsha, ila huongeza mvuke. Maji yanayopotea kwa mvuke yarudishwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyochujwa, kamwe si kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati nayaepuka, kwa kuwa zinki ya bati ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Taa ziache zimezimwa muda wote wa kukomaza, la sivyo utafuga mwani.

Bakteria hawa wanahitaji oksijeni mfululizo. Kwa kuwa umeme hukatika, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni sehemu ya tangi, si ziada.

Hatua ya nne: kuwalisha bakteria

Sikubaliani na desturi ya kukomaza tangi kwa kutumia samaki hai. Katika maji ya bahari yenye pH (kipimo cha asidi) ya 8.2, kati ya asilimia 5 na 10 ya amonia yote huwa katika hali yake yenye sumu, karibu mara kumi kuliko katika maji yenye pH ya 7.2. Huo ni ukatili usio na sababu, maana amonia inaweza kutiwa kwa mkono.

Tumia kloridi ya amoniamu safi kutoka duka la kemikali za maabara. Kwa lita 200 za maji halisi, baada ya kuondoa nafasi ya mawe na mchanga, gramu 1.3 huleta takribani miligramu 2 za amonia kwa lita. Usizidishe, kwani amonia nyingi huwachelewesha bakteria wenyewe. Ukiikosa, tia kamba mbichi ndani ya mfuko wa wavu, umtoe amonia inapofika kiwango hicho. Njia hiyo hufanya kazi, ila huwezi kujua kwa hakika umetia kiasi gani. Chupa ya bakteria hai, ikiwa haikupigwa na joto safarini, hufupisha muda. Kiganja cha mchanga au kipande cha sifongo kutoka tangi lenye afya husaidia pia.

Hatua ya tano: kupima

Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili na uandike matokeo. Amonia itaanza kushuka, kisha nitriti itapanda na kukaa juu kwa muda ambao huwachosha wengi. Usibadilishe maji kwa hofu katika kipindi hicho. Katika maji ya bahari, kloridi huzuia sehemu kubwa ya nitriti isiingie mwilini mwa samaki, lakini nitriti inayogoma kushuka ni dalili kwamba kundi la pili bado ni changa. Kipimo cha nitrati usikiamini mpaka nitriti iishe, kwani nitriti huongeza usomaji wake.

Amonia inapofika sifuri, tia tena kipimo kilekile. Bakteria hutumia ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, wanapofanya kazi, hivyo pH ikishuka chini ya 7.8 badilisha sehemu ya maji. Tangi limekomaa pale miligramu 2 za amonia zinapotoweka ndani ya saa 24 na nitriti nayo kusoma sifuri, na matokeo hayo yakajirudia kwa dozi ya pili.

Hatua ya sita: wakazi wa kwanza

Badilisha karibu nusu ya maji ili nitrati ishuke chini ya miligramu 10 kwa lita, kisha uwashe taa kwa saa chache. Utando wa kahawia wa diatomu, mwani mdogo sana, utatokea. Ni hatua ya kawaida. Tia konokono wachache, na baada ya juma moja samaki mdogo mmoja, huku ukipima amonia kila siku. Ikionekana, punguza chakula na ubadilishe maji.

Matumbawe yaje mwisho, yawe vipande vilivyokuzwa na wafugaji, na uanze na yale laini. Matumbawe magumu yasubiri mpaka kalsiamu ikae kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita na ualkali usiyumbe kwa majuma kadhaa mfululizo.